Profesa na Futi Iliyokatwa Ncha

Kila alasiri akitoka shule, binti aliyeitwa Profesa alipitia chumba cha ushonaji cha shangazi yake, kuokota pini sakafuni na kutoa maoni ambayo hakuombwa. Jina hilo kubwa alijipa mwenyewe. Mwenzake wa dawati alipokosa hesabu zote, ni yeye aliyembandika jina la Sifuri, akacheka peke yake hadi akapaliwa.

Siku hiyo Shangazi alikuwa na kazi ya sketi ya shule ya huyohuyo Sifuri. Ya zamani ilikuwa imeraruka, na kesho yake kulikuwa na mtihani ambao hakuna aliyeruhusiwa kuufanya bila sare. Kitambaa kilitosha sketi moja tu.

"Shangazi, leo nikate mimi."

"Haya. Urefu sentimita sitini. Ila tazama kwanza sifuri iko wapi kwenye hiyo futi ya kupimia."

"Sifuri si kitu, Shangazi," Profesa alibinua mdomo. "Cha maana ni hiyo sitini."

Msomi wetu akashika ncha ya futi, akavuta hadi sitini, akakata. Ncha ya awali ilichakaa zamani, Shangazi akaikata, kwa hiyo futi ilianzia tano. Ndiyo maana Shangazi huanzia kumi na kuishia sabini. Profesa aliliona hilo kila siku, akadhani ni uzee.

Shangazi alipima kwa rula. Hamsini na tano.

"Mita moja ya kitambaa ina vipande vingapi vya nusu mita?" aliuliza.

"Viwili."

"Vya sentimita moja?"

"Mia."

"Na vya upana wa sifuri?"

Profesa alianza kuhesabu kwa vidole. "Nitakata... nitaendelea kukata. Haviishi."

"Na kitambaa?"

"Kitabaki kizima," alinong'ona. Aibu ilimwasha masikio.

"Basi hicho unachodai kuwa si kitu kimekushinda mara mbili leo. Bila sifuri hujui unapoanzia, na ukigawa kwa sifuri hufiki mwisho. Mna kimo kimoja wewe na mwenzako. Sketi yako mpya mpelekee. Wewe vaa ile yako ya zamani yenye kiraka."

Profesa aliikunja sketi yake huku machozi yakimlenga.

"Ukifika, usimwite Sifuri," Shangazi aliongeza. "Anayemdharau mwenzake kwa neno asilolielewa amejidharau mwenyewe. Mwombe radhi, kisha umfundishe ulichojifunza leo. Ni kidogo, hutachelewa kurudi."