Herufi Kumi na Tatu

Kila jioni, baada ya kufua soksi zake, Phanice alipapasa ukuta wa bweni, akahesabu milango minne, kisha akaingia katika chumba cha kompyuta. Mwaka ulikuwa 1998. Katika shule ile ya watoto wasioona, karibu na Rodi Kopany, hakuna kitu kilichompa hamu kama mashine ile inayosema. Ilisoma Kiswahili vibaya mno, kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo hiyo. Wenzake walicheka. Phanice alitaka kujua inafanyaje.

"Haijui maneno," Mwalimu Ratemo alimweleza. Naye alikuwa haoni tangu utotoni. "Kwake maandishi ni shanga kwenye uzi. Kila herufi ni ushanga mmoja, na nafasi tupu pia ni ushanga. Ukitaka ikusomee kipande, iambie ianzie ushanga wa ngapi, na ichukue shanga ngapi."

Ndani ya mashine kulikuwa na orodha ya wanafunzi arobaini na sita, kila mtoto na mstari wake: jina, kwao, darasa, bweni, na mwishoni chakula anachoruhusiwa kula. Mashine ilisoma yote hayo bila huruma, na ilipofika kwenye chakula, watu wa zamu ya jikoni walikuwa wanapiga miayo. Basi Mwalimu akampa Phanice kazi ya kuandika maagizo ili isome jina na chakula tu.

"Ukimaliza, jaribu mistari yote, mmoja mmoja," alisema. "Kazi ikiwa safi, ufunguo wa chumba hiki utaushika wewe."

Ufunguo! Phanice hakulala vizuri kwa furaha. Alihesabu shanga za chakula kwenye mstari wake mwenyewe: "chakula chote", kumi na tatu pamoja na nafasi. Akaiagiza mashine ichukue kumi na tatu. Akajaribu mstari wake, sawa. Wa Caren, sawa. Wa Levis, sawa. Ilibaki mistari arobaini na mitatu, na uvivu ukamwingia.

"Umejaribu yote?" Mwalimu aliuliza.

"Yote, Mwalimu."

Uongo ulimtoka kirahisi, naye akakabidhiwa ufunguo.

Ijumaa mchana Levis, kiranja wa zamu, alikuja mbio. "Phanice, mpishi anauliza kama kuna mtu hakuli kitu fulani. Leo ni omena, wale samaki wadogo wa ziwani."

Phanice akabonyeza. Mashine ikataja majina yote, na kila jina likafuatwa na "chakula chote", hata la Mirumbe, mtoto wa darasa la kwanza aliyeletwa wiki iliyopita kutoka upande wa Ukuria.

"Poa! Hii kitu yako inafanya kazi," Levis alisema, akaondoka.

Phanice alibaki akichezea kitufe cha mshale, maana alipenda kuzisikia herufi zikipita moja moja kwa majina yao ya Kiingereza. Kwenye mstari wake, baada ya herufi ya mwisho ya "chote", palikuwa kimya. Akashuka hadi kwa Mirumbe. Baada ya "chote" mashine ikasema nafasi. Kisha *ai*. *Es*. *Ai*. *Pii*. Akaendelea kubonyeza mpaka maneno yakakamilika: "isipokuwa samaki".

Kengele ya chakula ikalia.

Phanice alikimbia mkono ukiwa ukutani, akagonga ndoo, akaangusha fagio, wala hakusimama. "Mirumbe! Usile!" alipiga kelele mlangoni. "Auntie Benta, mnyang'anye sahani!"

"Nyathina, mwanangu, kuna nini?" mpishi aliuliza, huku akiinyakua sahani.

"Bado sijakula," Mirumbe alisema kwa sauti ndogo ya kilio. "Mimi nikila samaki nafura shingo, nashindwa kupumua. Nilimwambia Levis. Akasema kompyuta imesema chakula chote."

Phanice aliona aibu kubwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, akauweka ufunguo mezani. "Nilijaribu mistari mitatu tu. Nilikudanganya."

"Kukosea hesabu si dhambi," alisema Mwalimu Ratemo. "Mimi nimekosea mara nyingi. Lakini uliposema 'yote', mimi niliacha kuuliza. Mpishi akaridhika. Hata mtoto mwenyewe aliposema, hakusikilizwa. Tulikuwa tumeliamini neno lako, Phanice, si mashine."

Jioni ile Mwalimu alimfungulia chumba, na Phanice akayabadilisha maagizo, mashine isome chakula hadi mwisho wa mstari, uwe mfupi au mrefu. Kisha akaanza mstari wa kwanza. Mirumbe alikaa kando yake, na wake ulipofika, mashine ikasema kwa lafudhi yake ya ajabu, "Chakula chote isipokuwa samaki."

"Tena," Mirumbe akaomba.

Jumatatu Mwalimu aliuliza, "Umejaribu mingapi?"

"Arobaini na sita, Mwalimu. Wa Mirumbe mara mbili."

"Vizuri. Anayefanya kazi ya watu huimaliza hata pale ambapo hakuna anayemwangalia," alisema Mwalimu, na ufunguo ukakwaruza meza ukirudi upande wa Phanice.