Seva Iliyobadilishwa Jina

Maji ya mafuriko yalipopungua, mwili wa Tusajigwe ulikutwa umenasa kwenye miti ya kokoa, hatua mia tatu kutoka nyumbani kwake Ikolo. Simu yake ilikuwa shingoni, ndani ya mfuko wa nailoni uliokazwa kwa uzi. Inspekta Nsajigwa aliitoa. Ilikuwa kavu, yenye chaji ya kutosha. Hakukuwa na ujumbe wowote wa onyo.

"Aliivaa hivyo tangu waje watu wa mradi," alisema mumewe, mzee Amon. "Walituahidi mto ukijaa, simu italia. Jana hapa kulikuwa na jua, afande. Mvua ilinyesha huko milimani, Rungwe. Tungejuaje?"

"Na simu haikulia?"

"Ya nani? Kijiji kizima hakuna iliyolia."

Watu wanne walikuwa wamekufa. Nsajigwa alizaliwa kijiji cha pili. Wawili kati yao aliwajua kwa majina ya utotoni. Alimshika mzee mkono, akampa pole kwa Kinyakyusa: "Ndaga, tata."

Mjini Kyela, meneja wa mradi wa tahadhari ya mafuriko alikuwa na jibu tayari. "Hitilafu tu. Seva tumeikodi, iko mbali huko mtandaoni. Ikizimika na kuwaka, wakati mwingine hujirudishia jina lake la mwanzo, mambo yanavurugika. Bahati mbaya."

Nsajigwa hakuelewa jina la seva lilihusianaje na maiti. Kazi akampa Koplo Nancy, mpelelezi wa makosa ya mtandao kutoka Mbeya. Nancy alishinda kutwa kwenye kompyuta.

"Afande, ndani ya seva kuna programu inayopokea taarifa za kipimo cha mto na kuzigawa kwenye simu za watu. Mafundi huiita wakala. Orodha ya wapokeaji huitunza chini ya jina la seva. Jina likibadilika, ikiwashwa upya inaanza na orodha tupu."

"Kumbe meneja kasema kweli."

"Nusu. Seva haijazimika kwa siku sitini na moja. Jina lilibadilishwa kwa mkono, Jumanne saa tatu asubuhi, kisha wakala peke yake akawashwa upya."

"Labda fundi alikosea."

"Nami nilidhani hivyo. Lakini kuna mstari umeongezwa, unaoelekeza jina la zamani kwenye mashine ileile. Kipimo kikaendelea kuunganishwa, na ofisini taa ya kijani ikaendelea kuwaka. Jana saa nane kasoro robo mchana onyo lilifika, afande. Likakosa wa kupelekewa, likatupwa."

Aliyekosea hafukii nyayo zake, aliwaza Nsajigwa.

"Nani?"

"Ameingia kwa akaunti ya Lugano."

Lugano alikuwa fundi pekee wa mradi. Aliletwa kituoni akiwa na tope magotini. Alikuwa akisaidia kuchimba makaburi.

"Jumanne saa tatu asubuhi ulifanya nini kwenye seva?"

"Matengenezo."

"Yapi?"

Lugano alikwangua tope gotini.

"Nenosiri lako nani mwingine analijua?"

"Hakuna."

"Ule mstari ulikuwa wa kuficha nini?"

Lugano alitazama viganja vyake. "Ningezima waziwazi, wangeona taa nyekundu, wangewasha tena."

"Ulitaka watu wafe?"

"Nilitaka waache kukimbia bure! Kile kipimo kinadanganya, afande. Magogo yakinasa chini yake, kinasema mto umejaa. Nimeandika barua tatu. Naambiwa nisubiri bajeti. Mwezi wa tatu kilidanganya tena. Mke wangu Asifiwe alikuwa na mimba ya miezi minane. Simu ikalia, akakimbia, akateleza kwenye tuta. Mtoto tulimzika hata jina hatujampa. Na ule ujumbe nimeuandika mimi. 'Kimbia sasa.' Ni maneno yangu."

Nancy aliacha kuandika.

"Tangu siku ile Asifiwe hanitazami usoni. Nikasema, nisije nikamuulia mwingine mtoto. Ningerudisha jina kipimo kikishatengenezwa."

"Unamjua Tusajigwe?"

"Ndiye aliyemwogesha mtoto wetu kabla ya kumzika."

Nsajigwa alimsogezea maelezo yake. Lugano akatia sahihi bila kusoma.

Nancy alieleza kwamba jina la seva amelirudisha, na orodha ya wapokeaji imerudi yote. Mfumo ulikuwa ukifanya kazi. Kipimo kilikuwa kilekile, na bajeti haijatoka.

Inspekta alishika pingu, hakumfunga. Aliuliza kwa sauti ya chini, si kama askari, bali kama mtu mwenye ndugu kando ya mto.

"Simu zikilia kesho, watu wakimbie?"

"Sijui, afande," alisema Lugano. "Ningejua, nisingekuwa hapa."