Acha Betri Ife Yenyewe

JUMAMOSI, SAA 10:15 JIONI

Chumba cha nyuma, duka la kutengeneza friji. Friji nne zilizokufa. Meza moja. Watu wanne walio hai, kwa sasa.

Mhandisi alikuwa amekalia kiti cha Waya.

Waya aliona. Akaegemea friji kama mtu anayependa sana kusimama.

"Kesho saa mbili asubuhi wanakata umeme mtaa mzima, matengenezo," Mhandisi alisema. "Unarudi saa nane mchana. Kengele ya duka la sonara ina chaji yake, haizimiki. Lakini haiwezi kuwaita polisi bila kamnara kale kadogo ka mtandao juu ya paa la jengo la jirani. Umeme wa akiba wa kamnara hako niliupanga mimi, kabla kampuni ya mnara haijanifukuza kazi. Betri ikiisha, kengele inakuwa bubu. Itaandika kila kitu na kusubiri mtandao. Polisi watapata habari saa nane. Saa nane sisi tuko wapi?"

"Mbali," alisema Mama Kufuli.

Huyo ndiye bosi. Hakuna kitasa kilichowahi kumkatalia. Na kwa miaka kumi na mmoja sasa alikuwa mke wa Waya.

"Kituo cha polisi kiko njia panda," Dereva alikumbusha, akitafuna kijiti. "Na njia ya kutoka ni hiyo hiyo moja. Tukikosea, tunajipeleka wenyewe. Hata nauli hawatulipi."

"Hatukosei. Betri inadumu masaa manne. Inakata saa sita kamili mchana."

Waya akaguna. "Nilipanda jana kuikagua. Kwenye boksi imeandikwa masaa sita."

"Boksi ni maneno ya muuzaji, shemeji. Mimi nilihesabu mitambo inakula kiasi gani, nikatoa umri, nikatoa joto la bati. Betri ni kama mume. Siku ya harusi anaahidi sita. Mwaka wa tatu, ukipata nne shukuru."

Mama Kufuli alicheka. Alicheka mpaka akashika meza. Waya hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda mrefu. Alidhani kilishaharibika, kama friji zile.

"Onyo moja tu," Mhandisi aliendelea. "Kabati la betri lisiguswe. Ofisini kwa kampuni wanaiona chaji ikishuka kwenye skrini. Ikishuka pole pole mpaka ikaisha, hakuna anayeinuka kwenye kiti, wanajua umeme umekatwa. Ikizimika ghafla ina chaji, wanajua imeibiwa. Wezi wa betri wamewatesa sana. Walinzi wao wanafika ndani ya dakika kumi."

"Waya, utakaa juu ya paa," Mama Kufuli aliamua. "Taa ya kijani ikizima, unatuambia."

"Na wewe?"

"Kwenye gari. Na Mhandisi."

JUMAPILI, SAA 2:00 ASUBUHI

Umeme ukakatika. Taa ya kamnara ikabaki kijani. Waya akajibanza kwenye kivuli cha tangi la maji, redio ya mkononi mapajani.

SAA 4:20

Kivuli kikahama. Yeye hakuhama.

SAA 5:30

Redio ikakoroma. Dereva.

"Kaka, huko juu umeshaiva?"

"Niambie ya maana."

"Ya maana ni kwamba kiti chako cha mbele kina mtu. Mimi nimehamishiwa nyuma, eti dada anafundishwa hesabu za betri. Kwenye gari langu mwenyewe!"

Nyuma ya sauti ya Dereva, kicheko. Kile kile.

Waya akaitazama taa. Kijani. Ikizima saa sita kamili, yule atakuwa nabii. Kiti cha friji, kiti cha gari. Kesho kutwa kiti gani?

Je, ikizima mapema?

Jumapili nani anatazama skrini?

SAA 5:38

Spana. Nati mbili. Mkia mwekundu wa betri ukatoka.

Taa ikafa.

"Imezima!" Waya aliita. "Dakika ishirini na mbili kabla! Muulize mtaalamu wako."

Mhandisi akaichukua redio: "Haiwezekani. Umeigusa?"

"Sijaigusa."

"Mama, tusiingie. Ameigusa."

Waya alisikia mkewe akivuta pumzi.

"Mume wangu ana kasoro zake," Mama Kufuli alisema. "Ila kazini hajawahi kunidanganya. Naingia."

SAA 5:48

Pikapu nyeupe. Walinzi watatu, virungu mkononi. Walisimama mlangoni mwa jengo, hatua kumi na tano kutoka kwa sonara.

"Toka," Waya alinong'ona redioni. "Walinzi wamekuja."

"Walinzi gani? Si mtandao umekufa?" Mama Kufuli aliuliza.

Waya alifunga macho. Mhandisi naye alikuwa anasikiliza. Hilo ndilo lililomchoma, hata sasa.

"Nimechomoa mimi. Nilitaka yule akosee."



SAA 5:51

Mama Kufuli alitoka na kikapu, khanga juu yake, mwendo wa mtu aliyetoka kununua nyanya. Walinzi hawakujua lolote kuhusu dhahabu. Wao walifuata betri.

"Shikamoo mama. Umeona mtu kapanda huko juu?"

Angeweza kusema hapana. Waya aliinama ukingoni kumsikiliza akisema hapana.

Mama Kufuli aliinua uso. Wakatazamana.

"Marahaba. Yupo. Shati la bluu. Mmoja wenu azunguke nyuma, kuna ngazi."

Akavuka barabara. Mlango wa mbele wa gari ulifunguliwa kutoka ndani, na mkono wa Mhandisi ukampokea kikapu.

Ngazi ya nyuma ilikuwa hatua sita tu. Mlinzi alikuwa bado hajaifikia. Waya angewahi.

Hakuiendea. Alirudi kwenye kabati. Mkia mwekundu, nati, spana.

Taa nyekundu. Chini, gari likaondoka.

Njano. Gari likawasha indiketa kuelekea njia panda, adabu zote za barabarani.

Kijani.

Kengele haikuwa bubu tena. Mlinzi wa kwanza akamkamata ukosi. "Ulikuwa unaiba betri, siyo?"

"Nairudisha," alisema Waya. Hakumtazama. Alikuwa anaangalia njia panda, ambako polisi walishaanza kuburuta kizuizi katikati ya barabara.