Kizibo cha Mashua ya Alumini

Evodia alikuwa akianika dagaa na wenzake pale Kabwe, kando ya ziwa, kama kila Jumamosi asubuhi, lori lilipoingia ufukweni bila kutarajiwa. Lilibeba mashua ndogo ya alumini iliyong'aa. Akashuka mgeni, Flavian, mfanyabiashara kutoka Mazwi, Sumbawanga.

“Habari za hapa?”

Hakuna aliyeitikia. Tangu biashara ya samaki iwe huria, wageni wenye nyavu kubwa walikuwa wakimiminika, na wavuvi walishawachoka.

“Hiyo sufuria inapika ugali wa watu wangapi?” Meshack, mmoja wa watoto walioanika dagaa, alidakia. Watoto wakacheka.

Mashua ilikuwa tupu. Flavian alimwomba Mzee Isdori, baba yake Evodia, fundi wa mitumbwi, aitengenezee mabenchi na vishikio vya karabai, taa za kuvulia dagaa usiku.

“Mimi fundi wa mbao,” alijibu Isdori bila kumtazama. “Sufuria zina mafundi wake.”

Mashua iliposhushwa, Flavian alichomoa kizibo cha mpira kwenye tundu la nyuma ya mashua ili maji ya mvua ya njiani yatoke. Akampa Evodia.

“Binti, nitunzie hiki nikatafute mbao, maji yakiisha ukirudishe. Kikipotea, mashua itazama.”

“Nitakitunza, baba.”

Alipoondoka tu, Meshack alinyoosha mkono. “Hebu tukione.” Evodia akampa. Meshack akakirusha ziwani, mbali kabisa. Wote walicheka, na Evodia pia, kisha kicheko kikamkauka.

Flavian alirudi mikono mitupu. Hakuna aliyekubali kumuuzia hata ubao mmoja. Kwa hasira alichukua kasia, akaanza kuisukuma mashua majini ili atafute fundi kijiji cha jirani.

“Binti, umesharudisha kizibo kwenye tundu?”

“Kaa kimya,” Meshack alinong'ona. “Tuone sufuria inavyozama.”

Evodia alimtazama baba yake. Isdori alikuwa akipiga randa.

“Usiondoke!” Evodia alipaza sauti. “Kizibo hakipo. Nilimpa mtu akakitupa.”

“Mlitaka nife?” Flavian alifoka. “Watu gani ninyi!”

“Nilikuahidi. Nitakupa kingine.”

“Msaliti!” Meshack alimzomea.

Evodia alivua ndala zake mpya, alizozisubiri tangu mavuno, akachukua kisu cha baba ili achonge kizibo kutoka kwenye mpira wake. Kipande cha kwanza kilitoka chembamba, ndala moja ikaharibika. Alipoanza kukata ya pili, baba alikishika kile kisu. Akachonga taratibu, akakigongea kizibo kwenye tundu, akamwaga ndoo ya maji ndani. Halikuvuja hata tone.

“Chuki hii binti yangu aliiona kwangu, akaiiga,” Isdori alisema, watu wote wakisikia. “Evodia, si lazima umpende kila mtu. Lakini ukikubali kumtunzia mtu kitu chake, kitunze. Uhai wake ulikuwa mkononi mwako.” Akamgeukia Flavian, uso bado umekunjamana. “Mbao ninazo. Jumatatu nitaanza mabenchi.”

Jumatatu Evodia alikwenda shuleni peku juu ya changarawe. Njia nzima Meshack alimwita Kizibo. Nyuma yao, kando ya ziwa, nyundo ya baba ilikuwa ikigonga ndani ya mashua iliyoelea.