Nani Afundishe Darasa la Kwanza?

Kabla jua halijachoma, Nkandu alikuwa amekwisha kumwagilia vitalu vyake vya lengalenga huko Kasungami, pembezoni mwa mji wa migodi. Binti yake Jemima, mwenye miaka tisa, alifunga mboga mafungu mafungu na kuyapanga kwenye beseni. Kisha akanawa miguu.

"Jemima, tofali yako!" Nkandu aliita.

"Minabeba, mama."

"Na daftari?"

"Iko ndani ya mufuko."

Kila mtoto wa shule ile alikuwa na tofali lake la kukalia. Asubuhi alikwenda nalo, mchana alirudi nalo, maana tofali likiachwa shuleni kesho halikutwi.

Ilikuwa mwaka 1993. Maduka mengi ya mjini yalikuwa hayajapona tangu yaporwe katika vurugu za askari. Migodi ilikuwa imepunguza watu. Walimu wa serikali walikaa miezi bila mshahara, wakagoma, na milango ya shule ikafungwa. Wazazi wa Kasungami hawakutaka watoto wao wazurure. Kakule, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini mwenye lori moja la kubeba mizigo, alitoa ghala lake la unga. Wazazi wakalifagia, wakaligawa kwa mikeka, na shule ikafunguliwa. Kakule akawa mwenyekiti wa kamati.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta walimu. Akaja Désiré, mwanamume mwembamba mwenye tai, aliyekuwa karani wa mgodini kabla ya kuachishwa kazi. Kakule alimpa gazeti la Kifaransa asome mbele ya wazazi. Désiré alisoma kama redio, bila kukwama hata mahali pamoja.

"Ile Kifaransa iko tamu kama nini!" alisema mama mmoja.

Wazazi walipiga makofi, na Désiré akapewa darasa la tatu na la nne siku ileile. Wadogo wa darasa la kwanza na la pili walipewa Chomba, msichana wa kwaya, kwa kuwa alijua nyimbo nyingi. Watoto nao walipangwaje? Karatasi zao zilikuwa zimefungiwa katika shule za serikali. Kakule alichora mistari ukutani kwa kaa la moto lililozimika. Aliyefika mstari wa tatu aliingia darasa la tatu. Jemima alikuwa amerithi urefu wa baba yake, akafika mstari wa tatu na kuupita.

Nkandu alifurahi. Yeye mwenyewe aliacha masomo darasa la nne, na vitabu vilimtia haya. Kila alasiri Jemima alifungua kitabu chake na kusoma ukurasa mzima kwa sauti, na mama alitikisa kichwa kwa kuridhika huku akichambua mboga.

Katika lupango la jirani, ua uliopakana na wao, alipanga mama mmoja jina lake Simone. Alikuwa akikaanga mikate midogo ya mafuta na kuiuza kando ya barabara. Siku moja Nkandu alimtuma Jemima kununua mikate, kisha akamfuata, maana mtoto alikuwa amekawia. Alimkuta amesimama na kitabu chake wazi, anamsomea Simone.

"Mama anapika bukari. Baba anarudi kutoka kazini. Mtoto anachota maji kisimani."

"Muzuri," alisema Simone. Alifuta mafuta mikononi, akaweka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa. "Na hapa, banaandika nini?"

Jemima alitazama kidole. Midomo yake ikaanza kutembea polepole: mama, anapika, bukari, baba... Alikuwa anaanza tangu juu ya ukurasa, kama mtu anayehesabu nyumba ili apate mlango. Akapotea, akaanza upya.

Simone alifunika kwa kiganja picha iliyokuwa juu ya ukurasa. Mtoto akanyamaza kabisa.

"Nenda kucheza, mama yangu," Simone alimwambia kwa upole. Jemima alipokwisha kuondoka, alimgeukia Nkandu. "Mama Jemima, usikasirike. Mutoto hajuwi kusoma."

"Anasoma kila siku! Masikio yangu inasikia."

"Anakariri. Ana kichwa kizuri, kinashika yote anayosikia. Lakini herufi hazijui. Mwalimu wake alisomea nini?"

"Anajua Kifaransa kabisa."

"Sikuuliza anajua nini. Nimeuliza alisomea nini."



Simone aligeuza mikate kwenye mafuta, akaeleza bila haraka. Kujua kitu ni jambo moja, kumfundisha mtoto kitu hicho ni kazi nyingine, na kazi hiyo ina masomo yake. Anayetaka kufundisha shule ya msingi husomea ualimu katika sekondari. Akimaliza miaka yote sita hupata diploma ambayo watu huiita D6. Hujifunza namna ya kumpa mtoto sauti moja baada ya nyingine, namna ya kuandaa somo kwenye karatasi kabla ya kuingia darasani, namna ya kujua nani ameelewa na nani anafuata wenzake tu. Kabla ya kupata diploma hufundisha mbele ya walimu wakongwe, wakimkosoa.

"Na weye umejua vile wapi?" Nkandu aliuliza.

"Niko na D6. Nilifundisha darasa la kwanza miaka kumi na tisa. Mushahara ilikufa, nikaanza mikate."

Siku nne Nkandu alitembea na neno hilo kifuani. Alijua kwamba mtu lazima aseme. Alijua pia kwamba Jemima alikuwa anakua, na kwamba mtoto akifika miaka kumi na mbili bila kusoma, kitakachomngoja ni beseni la lengalenga tu. Lakini Nkandu hakuwahi kufungua kinywa katika mkutano. Wanaume walisema, yeye alipiga makofi.

Jumapili baada ya ibada wazazi walikutana ghalani. Kakule alipouliza kama kuna neno, Nkandu alijikuta amesimama.

"Ee! Mama Jemima, leo nawe unasema?" Kakule alitania. Watu wakacheka.

Nkandu aliangalia miguu yake. "Baba Kakule, mwezi ule ulipita, mutoto ya dada yako alikuja kuomba kuendesha lori. Mi nilikuwa juu ya mizigo na mboga zangu. Nilisikia. Ulimuuliza nini?"

"Kasereka? Nilimuuliza permi, karatasi ya ruhusa ya kuendesha."

"Alikuwa nayo?"

"Alikuwa na mudomo tu! Nilimufukuza. Mi niache lori yangu kwa muntu mwenye kusema muzuri?"

Wazazi walicheka tena. Nkandu alingoja wanyamaze.

"Na mutoto yako Emery, ulipomuachia mwalimu, ulimuuliza nini?"

Hakuna aliyecheka. Nkandu, kwa sauti ya chini, alisimulia juu ya kidole cha Simone na ukurasa. Mama mmoja alimwita mwanawe palepale na kumjaribu kwa kitabu. Baba mwingine akafanya vilevile. Emery mwenyewe alisoma picha, si herufi.

Désiré alisimama. Alianza kwa Kifaransa, kisha akaacha.

"Mi nilisomea ukarani," alisema. "Miaka kumi na mbili nilipanga karatasi za watu. Mulinipatia chaki na watoto makumi tano. Nilizani herufi banazijua tayari, juu muliniambia ni darasa la tatu. Hata diploma yangu hamukuiomba."

"Asema kweli," Kakule alisema, akijikuna shingo. "Siye njo hatukuuliza. Tulisikiliza sauti."

Simone akaitwa. Kakule alimkaribisha kwa heshima. "Madamu, weye ndiye mwenye masomo kuliko sisi wote. Tunakupa bakubwa, darasa la nne."

"Hapana. Munipe la kwanza."

Ghala lilijaa manung'uniko. "D6 nzima kwa batoto ba makamasi?" mzee mmoja alishangaa. "Pale nyimbo za Chomba zinatosha!"

"Baba, nisikie," Simone alimjibu. "Mutoto aliyekwisha kujua kusoma, hata akipata mwalimu zaifu kesho, kusoma kwake hakuna wa kumunyang'anya. Lakini asiyejua, umupe hata profesa, atakaa pale anatazama midomo tu. Mwalimu wa kwanza njo wa kuchaguliwa sana."

Aliweka na masharti yake. Watoto wote wapimwe upya, kwa kusoma, si kwa urefu. Chomba awe naye darasani, aangalie, kisha afundishe huku akiangaliwa. Désiré akae nyuma ya darasa wiki sita kabla ya kurudia chaki; wiki hizo Simone atawafundisha wakubwa zamu ya mchana. Na kamati iende ofisi ya elimu kuuliza jinsi shule inavyotambuliwa, na kumwomba mkaguzi aje.

Désiré ndiye aliyejua njia za ofisi. Alikusanya diploma ya Simone, vyeti vyake vya kazi na orodha ya watoto, akaandika barua safi. Karatasi zilikuwa kazi yake kweli. Kila asubuhi alionekana nyuma ya darasa la kwanza, ameketi juu ya tofali, magoti karibu na masikio, anaandika.

Jemima alipimwa, akarudishwa darasa la kwanza. Watoto wa miaka sita walimwimbia, "Bibi wa darasa! Bibi wa darasa!" Alirudi nyumbani analia.

"Sirudi tena, mama."

"Unajua kusoma?" Nkandu aliuliza.

"Hapana."

"Basi uko mahali pako. Siku utajua, utatoka."

Simone alianza na sauti moja. Watoto waliisema, wakaitafuta katika majina yao, wakaichora mchangani, wakaipanga kwa maharagwe. Kesho yake sauti ya pili. Baada ya mwezi Chomba alifundisha somo lake la kwanza, nyimbo zake zikiwa na herufi ndani yake sasa. Mkaguzi alikuja mwezi wa tano. Alikagua madaftari ya maandalizi, akamsikiliza Chomba, akamwambia aombe nafasi ya kusomea ualimu, na akaahidi kuipeleka mbele faili ya shule.

Mwisho wa mwaka, wazazi walikutana tena. Kamati ilikuwa imeandika kanuni mpya na kuibandika mlangoni. Désiré alitaka kuisoma, lakini Simone alisema, "Tuache mutoto asome. Jemima, kuja."

Jemima hakuwa amewahi kuiona karatasi ile. Haikuwa na picha. Aliweka kidole.

"Kila... mwalimu... ata... ata..."

Akakwama. Kakule alikohoa. Désiré aliinama kumnong'oneza, na Simone akamzuia kwa mkono.

"Ata-ka-ye... atakayefundisha," alisema Jemima. "Kila mwalimu atakayefundisha hapa alete diploma yake na vyeti vya kazi. Afundishe somo moja mbele ya ka-ma-ti. Mwenye diploma ya ualimu na mazoezi mengi apewe darasa la kwanza."

Mzee mmoja alimgeukia Nkandu. "Mama, mutoto amekwama mara mbili. Zamani hakukuwa anakwama."

"Njo vile, baba," Nkandu alijibu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Sasa anasoma."