Zamu ya Bi Tamsin Langoni

Haya yalimpata rafiki yangu Seth, na hata leo ukimgusia, anainuka na kuondoka.

Kijijini kwetu Uingereza, maiti aliyezikwa mwisho hulinda lango la makaburi mpaka azikwe mwingine wa kumpokea zamu. Bi Tamsin, kikongwe aliyekuwa akifukuzwa kilabuni kwa sababu ya kikohozi chake, alizikwa wa mwisho. Kisha makaburi yale yakafungwa, watu wakaanza kuzikwa kwingine.

"Huyo atakesha mpaka kiama!" Rubeni, mwenye kilabu, alicheka hadi machozi. "Seth, hebu kalifunge lile lango, linanipigia kelele. Na umwambie Bi Tamsin, pole na zamu!"

Seth akachukua mnyororo, akatoka. Nje giza lilikuwa totoro, na lango lilikuwa likijigonga, ko, ko, ko, wala hapakuwa na upepo. Alilikuta wazi.

"Pole na zamu, bibi," alitania, akalifunga.

Alirudi kilabuni mbio. "Nimemfungia!"

"Ndani au nje?" mlevi mmoja aliuliza.

Rubeni, aliyekuwa amekaa kando ya moto, akafungua kinywa acheke. Kilichotoka ni kikohozi cha Bi Tamsin.