Dawa Aliyoiahidi Pokuaa

Kila asubuhi Pokuaa alifagia ua, akajaza maji kwenye pipa, kisha akamtolea mama yake cherehani barazani. Kazi ya mwisho ilikuwa nyepesi kuliko zote. Aliikagua kompyuta iliyokuwa pembeni mwa sebule kama inawaka, akakifunika kioo chake kwa kitambaa cha kuzuia vumbi, akavaa sare na kuondoka. Kompyuta ilibaki nyumbani ikifanya kazi peke yake mpaka atakaporudi.

Kompyuta hiyo aliletewa na Mjomba Yirenkyi, kaka wa mama yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo huko Kumasi. Mjomba huyo hakuwa mtu wa kutoa kitu bila masharti.

"Itumie kwa masomo, hata kwa michezo ukipenda," alimwambia. "Lakini ukienda shule au ukilala, ni ya watafiti. Tumeelewana?"

"Watafiti gani, Mjomba? Mbona siwaoni?"

"Wako vyuoni, mbali. Wanatafuta dawa mpya ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hesabu zao ni nyingi mno, wakizifanya peke yao watazeeka. Kwa hiyo wanazikata vipande vipande na kuwagawia watu waliojitolea kompyuta zao. Kipande kimoja kitakuja hapa kwa njia ya mtandao, kompyuta itakifanyia hesabu, itarudisha jibu, itapewa kingine."

"Kumbe naweza kugundua dawa nikiwa nimelala?"

"Wewe utakuwa umelala tu, usijisifu," Mjomba alicheka. "Ahadi?"

"Ahadi, Mjomba."

Kweli kompyuta ilifanya kazi. Wakati wa hesabu, kioo chake kilionyesha kitu mfano wa kamba ya rangi nyingi iliyojikunja na kujizungusha polepole. Pokuaa aliweza kukaa akiitazama mpaka mama yake amwite mara tatu kwenda kutwanga fufu ya mihogo ya chakula cha jioni.

Mambo yaliharibika pale Pokuaa alipopata mchezo wa mashindano ya magari. Mashine ilikuwa ya zamani, na hesabu za watafiti zikiendelea, magari yalikwama kwama barabarani. Jioni moja akaisimamisha ile programu ya hesabu za watafiti, ili tu amalize mchezo. Kesho yake akasahau kuiwasha. Keshokutwa hakusahau, ila hakuiwasha.

Wiki hiyohiyo, mwalimu wao, Madamu Asabea, aliuliza darasani kila mwanafunzi anaisaidia vipi jamii yake. Mmoja alisema huzibua mtaro, mwingine humchotea bibi jirani maji. Zamu ya Pokuaa ilipofika, alisimama akaeleza habari za kompyuta, watafiti na selimundu. Hakutaja mashindano ya magari. Darasa zima lilimpigia makofi, na Madamu akasema huyo ndiye mfano wa kuigwa.

"Sasa hiyo dawa itaiva lini?" aliuliza Larbi, aliyekaa nyuma yake na ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite hivi hivi.

Pokuaa hakujua. Hakuna aliyejua. Lakini makofi yalikuwa bado yanavuma masikioni, na kusema "sijui" mbele ya watu wanaokushangilia kunataka moyo.

"Krismasi," alisema.

Tangu siku hiyo akaitwa Dokta. Wenzake walimpigia kelele njiani, "Dokta Pokuaa, dawa imefika wapi?" naye alijibu, "Iko jikoni!" Waliokuja nyumbani kuiona hawakurudi bure. Pokuaa alikuwa na video fupi aliyoirekodi ya ile kamba ya rangi, na kila mgeni alipoingia aliifungua ijizungushe. Wageni waliguna kwa mshangao. Mwongo ana kazi nyingi kuliko mkweli, na hii ya kuonyesha video ilikuwa mojawapo.

Nyumba ya jirani aliishi Mama Dede, muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na binti yake Dede wa miaka minane. Dede alikuwa na selimundu. Macho yake yalikuwa ya manjano, na zipo siku miguu ilimuuma hata asiweze kwenda chooni bila kubebwa. Mama yake alimpeleka kliniki kila mwezi, siku ya Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku ya soko la shanga, ambapo kenke huuzika kuliko siku zote.

Mama Dede alisikia habari hizo kanisani. Jioni akaja, Dede kamshika nguo, mikono ya mama bado ina unga wa mahindi.

"Binti yangu, nasikia una jambo la kunionyesha."

Pokuaa aliifungua video. Mama Dede alisogea, akaangalia mpaka ikaisha.

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe?"

"Ndiyo inatengenezwa, Mama Dede."

"Na ni kweli, Krismasi?"

Hapo ndipo angeweza kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini Dede alikuwa anamtazama kwa yale macho ya manjano, anatabasamu, na Pokuaa akaitikia kwa kichwa.

Alfajiri ya kesho yake hodi ilibishwa. Mtu aliyefadhiliwa jana haoni uzito kuamka mapema kurudi kushukuru, na Mama Dede alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, kichwani amebeba mkungu wa ndizi, mkononi mayai yaliyofungwa vizuri.

"Nimekuja kumshukuru mtoto wenu," alisema. "Mungu awazidishie."

Mama Pokuaa alipokea kwa mikono miwili, uso wake unang'aa kwa fahari. Alimkaangia binti yake mayai mawili palepale. "Kula, Dokta wangu," alisema. Pokuaa alikula. Mayai hayo yangeuzwa yakanunua mahindi. Aliona haya hata ya kumtazama mama yake usoni.

Alipotoka shule aliiwasha ile programu mara moja. Maandishi mekundu yalijipanga kwenye kioo: muda wa kazi umepita, kazi amepewa mwingine. Yakafuatana hivyo hivyo, kazi baada ya kazi. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Badala ya kuiacha ianze upya, aliizima asiyaone tena maandishi hayo.

Desemba ikaingia na upepo wa harmatani, baridi kavu ya asubuhi na vumbi la kukausha midomo. Siku moja Dede alimkuta Pokuaa anaanua nguo.

"Mimi sinywi tena vidonge," alisema kwa furaha. "Wala kliniki hatuendi. Mama anasema vimeisha na Krismasi imefika, anauza kenke ili tununue ile yako."

Nguo ilimtoka Pokuaa mkononi ikaanguka mchangani.

"Dede, mwambie mama yako mrudi kliniki. Kesho."

"Kwani wewe si umesema Krismasi?"

Pokuaa aliinama kuokota nguo. Alijua la kusema, lakini alijua pia nani angemcheka, nani angemtazama kwa jicho gani, na Madamu angesema nini. Alijidanganya kwamba Dede angefikisha ujumbe. Hakulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata, na bado hakusema.

Jumamosi asubuhi walisikia kilio kabla ya kuona mtu. Mama Dede aliingia uani mbio, Dede mgongoni, kichwa kimelegea, anapumua kwa shida na kulia kwa sauti ndogo.

"Kifua na miguu, tangu alfajiri!" alisema. "Pokuaa, mwanangu, mpigie mjomba wako. Watupe hata kidogo. Hata kama haijaiva vizuri, watupe hivyo hivyo!"

"Mama Dede, mtoto apelekwe hospitali," alisema Mama Pokuaa.

"Hospitali watampa nini ambacho hawajampa miaka yote? Dawa ya kuumaliza huu ugonjwa iko humu ndani mwenu, nimeiona kwa macho yangu! Mpigieni simu, nawaomba!"

Alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, hatoki. Pokuaa alimwangalia Dede. Midomo yake ilikuwa imepauka. Akatambua kwamba kila dakika ambayo mama huyu anakaa pale anangoja kitu ambacho hakipo, na anayemkalisha pale ni yeye.

"Hakuna dawa," alisema.

"Unasemaje?"

"Hakuna dawa, Mama Dede. Ni hesabu tu, vipande vya hesabu, hakuna ajuaye kama dawa itapatikana. Krismasi niliitunga mimi. Na hata hizo hesabu niliziacha zamani, nicheze gemu. Ulichokiona ni video. Mpeleke hospitali, tafadhali, mpeleke sasa hivi!"

Mkasi wa kushonea ulimponyoka Mama Pokuaa mkononi. Mama Dede hakupiga kelele wala hakumtukana. Alimtazama Pokuaa, na Pokuaa akatamani ardhi ipasuke immeze, kwa sababu tusi angelivumilia kuliko mtazamo ule. Kisha mama huyo akainuka na mtoto wake, Mama Pokuaa akakimbilia barabarani kusimamisha teksi.

Dede alilazwa. Aliwekewa maji ya mshipa, akapewa oksijeni na dawa za maumivu, na kwa siku kadhaa haikujulikana itakuwaje. Jumatatu, Pokuaa alisimama mwenyewe mbele ya darasa akaeleza yote. Alitegemea Larbi atacheka. Larbi hakucheka. Aliinama akachezea kalamu, na hilo lilimuuma Pokuaa zaidi ya kicheko.

Habari zilipokuja kwamba Dede amefumbua macho na kuomba chakula, Mjomba Yirenkyi alikuwa ameshafika kutoka Kumasi. Kwao mkosaji mdogo haendi peke yake kuomba radhi, hutanguliwa na mkubwa wa kumsemea. Njiani kwenda hospitali Pokuaa alishindwa kuvumilia.

"Mjomba, utafiti nimeuharibu?"

"Hapana. Vipande vyako walipewa watu wengine wakavimaliza. Watafiti walijua watu huchoka, wakajipanga." Akamgeukia Pokuaa. "Kwenye orodha ya mradi niliona toka Oktoba kompyuta yako iko kimya. Nikasema moyoni, maskini Pokuaa, umeme unamsumbua."

Pokuaa alilia. Kudhaniwa vyema na mtu uliyemdanganya ni adhabu isiyo na kiboko.

Walimkuta Mama Dede kando ya kitanda, bakuli la uji mkononi. Mjomba alivua viatu, akainama na kuanza maneno ya heshima: kwamba mtoto ni mtoto, kwamba ulimi hauna mfupa, kwamba familia nzima imekuja kujishusha.

"Mwalimu, nakuheshimu," Mama Dede alimkatiza, "lakini si wewe uliyeitikia kwa kichwa mbele yangu. Nataka kumsikia yeye."

Pokuaa alipiga magoti. "Nisamehe, Mama Dede. Nilipenda kusifiwa. Nilikuona unafurahi, nikashindwa kukwambia ukweli. Halafu Dede akaniambia hanywi vidonge, nikajua, na bado nikanyamaza. Naona aibu."

"Kwani wa kuombwa radhi ni mimi peke yangu?" Mama Dede alionyesha kitandani kwa kidevu. "Na huyo je? Mimi sijamwambia kitu. Kazi hiyo nimekuachia."

Dede alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa wazi yanamngoja. Pokuaa alisogea.

"Dede, ile dawa haipo. Nilikudanganya."

"Krismasi haiji?"

"Krismasi inakuja. Dawa haiji nayo."

Dede alifikiri. "Mwakani je?"

Pokuaa alifungua mdomo. Jibu tamu lilikuwa tayari kwenye ulimi, jepesi kama lile la kwanza. Alilimeza.

"Sijui," alisema. "Nitaiwasha tena kompyuta leo, na sitaizima kwa ajili ya mchezo. Lakini hata hivyo sijui, Dede. Hakuna anayejua."

Dede aligeuza uso ukutani akalia kidogo, na Pokuaa akakaa pale pale akisikiliza kilio alichokisababisha. Baadaye mtoto akageuka, akauliza kama ni kweli magari ya ule mchezo yanaweza kuruka. Watoto hawajui kukasirika kwa muda mrefu. Mama Dede alijua, na uso wake haukulainika upesi.

"Binti yangu, inuka," alisema mwishoni. "Kompyuta kuwasaidia wasomi ni jambo jema, na ukiwasha nitakuombea. Lakini sikuwa na haja ya tarehe. Mtu akiniambia hajui, namshika mwanangu mkono naenda kliniki, hata kama ni siku ya soko. Ukinipa Krismasi ya uongo, naketi kuingoja. Neno 'sijui' halijawahi kuua mtu. Krismasi yako ilikaribia kuniulia mwanangu."

Pokuaa aliinamisha kichwa. "Nimesikia, Mama Dede."

"Basi shika." Mama Dede alimpa bakuli na kijiko. "Mpe mwenzako uji, asiache hata tone, na vidonge vyake viko hapo mezani. Mimi naenda kumuuliza nesi, Alhamisi tuje saa ngapi."